Bundi kwenye asumini: shajara ya chapa nne

Machi 4

Kazi imeingia kwa simu. Jamaa anayepamba vyumba vya hoteli moja ya pwani ya mashariki anataka chapa za lino, yaani picha za kuchongwa kwenye kibao laini kisha kuchapwa kwa wino, ndege na maua, picha sita, sentimita 30 kwa 40. Kila picha nitatoa nakala 15. Yeye atachukua nane, zinazobaki zangu. "Dada, iwe ya asili lakini ya kisasa," akasema. Nikamuuliza ndege gani. Akataja watatu papo hapo: tausi, njiwa, bundi. Bundi lazima awemo maana mwenye hoteli anampenda, meza yake imejaa bundi wa shaba na wa udongo.

Nimekubali. Wino wangu mweusi umebaki wa kukwangua kopo, na malipo ya mwanzo yatanunua wino na lino yote.

Jioni nikamweleza bibi. Alikuwa anachagua mchele. "Bundi? Chumba cha kulala?" Akapeta mara mbili, hakuongeza neno.

Machi 7

Patasi sijaigusa. Nina daftari na kalamu, na neno lenyewe linanitatiza.

Ndege ni huyu anayeruka. Ndege ni hii inayotua uwanjani Kisauni, hapa Unguja, na kutikisa madirisha yetu. Halafu iko ndege ya tatu ambayo vijana wameiacha: dalili. Bibi akitoka asubuhi akakutana na jambo la kumfurahisha, atasema amepata ndege njema. Ndege mbaya ilitosha kumrudisha msafiri nyumbani, chombo kikatweka bila yeye. Kwa Kiswahili, basi, huwezi kuchora ndege mtupu. Na dalili umeshaichora, utake usitake.

Hili haliko kwetu peke yetu. Wajapani wana mkondo mzima wa picha uitwao kachō-ga, yaani ndege na maua, walioupokea kwa Wachina. Hiroshige, aliyefariki mwaka 1858, alizitoa kwa mamia kwa vibao vya mbao. Ohara Koson (1877–1945) akazifikisha karne ya 20, nyingi zikiuzwa Marekani. Korongo na msonobari ni umri mrefu, hilo laeleweka, wote wawili wanasifika kwa kuishi sana. Lakini alama nyingine hazikutoka porini hata kidogo. Zimetoka mdomoni. Kwa Kichina ua liitwalo mei linatamkwa sawasawa na nyusi, na kuna ndege wa jamii ya kunguru ambaye jina lake linaanza na neno furaha. Mweke ndege huyo juu ya tawi la mei, na Mchina hatasoma "ndege kwenye tawi". Atasoma: furaha imepanda mpaka kwenye nyusi.

Na bundi wetu je? Kijapani anaitwa fukurō. Ukiligawa jina, fu ni "bila", kurō ni "taabu". Kwa hiyo watu hununua vibundi vidogo kama hirizi ya heri. Ugiriki yumo kwenye sarafu ya yuro 1, maana zamani alikuwa ndege wa Athena, mungu wao wa hekima. Kwetu akilia juu ya paa, nyumba yenye mgonjwa hailali.

Ni manyoya yaleyale.

Machi 12

Lino imefika, vipande sita, unene wa milimita tatu na ushei. Watu hushangaa nikiwaambia hiki ni kitandiko cha sakafu: mafuta ya kitani yaliyogandishwa, unga wa kizibo, na juti mgongoni. Mwingereza Frederick Walton alikisajili miaka ya 1860 kwa ajili ya sakafu za nyumba. Wasanii wakakichukua baadaye kwa kuwa hakina nyuzi kama mbao, patasi inakwenda unakotaka wewe. Wenzetu wa nchi za baridi hukipasha moto kwanza kilainike. Unguja mwezi Machi taabu ni kinyume. Ikifika saa sita mchana lino imekuwa siagi, mstari mwembamba unamomonyoka kabla hujaumaliza. Nachonga tangu alfajiri mpaka saa nne, kisha tena baada ya magharibi, kibao kikiwa kimelala juu ya saruji.

Kwa asiyejua kazi hii: unachokichonga kinabaki cheupe, unachokiacha ndicho kinachoshika wino. Na kila kitu kinatoka kimegeuka, kulia kuwa kushoto.

Jamaa wa hoteli amenitumia mfano wa "asili" anayoitaka: mabamba ya Audubon, mchoraji wa ndege wa Marekani, yale 435 yaliyotoka kati ya 1827 na 1838. Ndege wa ajabu kweli, wakubwa kama walivyo. Audubon aliwapiga risasi kwanza, akawafunga waya wakae mkao wa walio hai.

Machi 19

Njiwa nimemtoa.

Nilimchora mara nne na kila nikimtazama namuona wa mchoraji Picasso. Ile chapa ya mwaka 1949 iliyowekwa kwenye bango la kongamano la amani la Paris huenda ndiyo chapa ya ndege iliyoonekana na macho mengi kuliko zote. Haikuwa na jani la mzeituni, haikuwa hata inaruka. Alikuwa njiwa wa kufugwa, mwenye manyoya mpaka miguuni, zawadi kutoka kwa Matisse, mchoraji mwenzake, amekaa tu kwenye giza. Mshairi Aragon akaiokota katika kazi za studio, bango likachapwa, na tangu hapo njiwa ni amani kama vile taa nyekundu ni simama. Mwezi huohuo wa kongamano Picasso alipata binti akamwita Paloma, yaani njiwa.

Sina cha kuongeza hapo. Alama ikishaiva kiasi hicho, msanii mwingine anabaki kunakili bango.

Machi 23

Tausi naye nje. Nimeona aibu kidogo kwa sababu ni ndege mzuri na anauzika. Wafuasi wa Edward Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, wameijaza Mji Mkongwe tausi wa rangi za mafuta, na Ikulu wapo wa kweli. Mwaka 2020 Rais Magufuli aliwagawia viongozi wastaafu. Ndege wa ikulu na wa duka la zawadi. Ukimsifu mwanamke kwamba ni tausi, umemsifu, basi, hakuna la pili nyuma yake. Mimi nataka ndege mwenye la pili.

Nimempigia jamaa, nimemwambia zitakuwa nne. Akanung'unika, akapunguza bei, akakumbusha: "Bundi lakini yumo?" Yumo.

Aprili 2

Kunguru na karafuu.

Huyu alikuja akilini nikiwa barazani, nikimtazama akimpokonya paka kichwa cha samaki. Kunguru wetu huyu mwenye shingo ya kijivu si wa hapa. Aliletwa kutoka India miaka ya 1890 ili ale taka za mji. Taka hakuzimaliza, akaanza mayai na makinda ya ndege wengine, akavuka bahari, sasa yuko pwani nzima. Sumu amelishwa, mitego amewekewa, yupo. Na wanawake wamemfanya msemo: kunguru hafugiki. Anayeambiwa hivyo si ndege.

Karafuu nayo si ya hapa. Ililetwa mwanzoni mwa karne ya 19, yaani mgeni kwa mgeni, wamepishana kwa miaka themanini hivi. Kimbunga cha 1872 kikang'oa mikarafuu ya Unguja, ikapandwa upya. Leo mkarafuu umo kwenye nembo ya taifa, miguuni pa yule mwanamume, na pamba miguuni pa mwanamke. Mgeni mmoja kapewa nembo, mwingine kapewa sumu.

Tena karafuu ni ua. Watu wengi hawalifikirii hili, hata hapa kwetu. Ni kitumba kinachochumwa kabla hakijafunguka. Ukikingoja kichanue, bei imekwenda. Uchumi wa visiwa kwa miaka mingi ulijengwa juu ya maua ambayo hayakuruhusiwa kuchanua. Kwa hiyo nimechora kunguru amesimama juu ya jamvi la karafuu zinazoanikwa, na kwenye mdomo wake tawi moja ambalo limeponyoka, limechanua kabisa, nyuzi zake zimesimama kama nywele za mtoto aliyetoka usingizini.

Aprili 16

Kunguru ana rangi mbili kwa kibao kimoja. Unachonga kidogo, unachapa kijivu kwenye karatasi zote, kisha unarudi kwenye kibao kilekile na kuchonga kila unachotaka kibaki kijivu, unachapa nyeusi juu yake. Ukishachonga mara ya pili, ya kwanza haipo tena duniani. Hakuna "ngoja niongeze nakala tano". Nilianza na karatasi 20 ili nipate 15.

Tarehe 9 nilichapa kijivu. Leo nyeusi. Katikati ya hapo mvua haikunyamaza, karatasi zikanywa unyevu zikatanuka. Nilipoweka ya kwanza kwenye pembe zangu za misumari, zile za kulinganisha karatasi na kibao, shingo ya kunguru ilikaa milimita mbili nje ya mwili wake, kama mtu aliyevaa kanzu ya kaka yake. Ya pili vilevile. Nikasimamisha kazi, nikazitandaza karatasi zote chini ya feni, mlango nimeufunga, kutoka saa nne mpaka alasiri. Zikarudi. Zilizopona ni 15 kamili, na sina hata moja ya akiba.

Aprili 28

Mvua. Wino wa mafuta wa wiki mbili zilizopita bado unashika kidole.

Mei 6

Kanga. Nilikuwa namngojea huyu.

Inasimuliwa kwamba nguo ilipewa jina la ndege kwa sababu zile za mwanzo zilikuwa na madoadoa meupe kama manyoya yake. Maneno yakaja baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, na anayetajwa sana ni Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ndiye "Abdulla" wa ile "mali ya Abdulla" inayochapwa kwenye kanga. Lubaina Himid, aliyezaliwa hapa Zanzibar mwaka 1954 na kushinda Tuzo ya Turner, ya sanaa ya Uingereza, mwaka 2017, amerudi mara nyingi kwenye kanga katika picha zake, mpaka na jina lake, yaani yale maneno, chini. Kwa hiyo njia imeshakanyagwa na mguu mkubwa kuliko wangu.

Mimi nimemweka ndege katikati, mahali pa mji, yaani ule uwanja wa kati wa nguo. Nimemzungushia pindo la maua ya waridi. Chini yake jina: KANGA HAZAI UGENINI.

Madoa ndiyo kazi. Natumia patasi ya bobari iliyo ndogo kuliko zote, ncha yake kama kucha ya mtoto. Unaichomeka, mkono wa patasi unatulia, mkono wa kushoto ndio unazungusha kibao, na tone linatoka zima, jeusi, dogo kama punje ya mtama, linabaki shimo la mviringo. Ukizungusha patasi badala ya kibao unapata doa lenye mkia. Nilihesabu mpaka 400 nikaacha kuhesabu. Usiku nikifumba macho naona madoa.

Mei 9

Jina lachongwa kinyume. Herufi A, H, I na U hazina matata, ukizigeuza ni zilezile. Adui ni N na Z. Niliandika kwa penseli kwenye karatasi nyembamba, nikaipindua, nikasugua mgongoni mpaka maandishi yakahamia kwenye lino. Yaani nilifanya yote yanayopaswa kufanywa. Katikati ya kuchonga penseli ikafutika kwa jasho la kiganja, nikamalizia herufi mbili kwa kumbukumbu.

Chapa ya majaribio imetoka. Nimembandikia bibi mlangoni. Akaivalia miwani, akasoma kwa sauti, kisha akaweka kidole kwenye neno la mwisho. "Hii imeangalia kwao."

Ni N ya pili ya UGENINI. Imegeuka. Kati ya herufi zote, hiyo, na katika neno hilo. Lino haijazwi ikajazika. Nimeiacha.

Mei 15

Chozi kwenye ua la mgomba. Hii ilichongwa kwa siku tatu tu, na ndiyo iliyonifundisha ninachokifanya.

Chozi ni yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda, anayenyonya maua. Uani kwetu huja asubuhi kwenye mgomba, kwenye lile ua la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu kama moyo, akashika ganda lililoinuka na kuingiza mdomo. Mgomba unazaa mkungu mmoja, unakufa, machipukizi yanabaki. Hilo kila mtu analijua.

Nilikuwa nachonga mdomo wake, tone la maji ya ua likiwa kwenye ncha, nikashtuka kwamba nimechora chozi mara mbili. Kwenye maneno hawachanganyiki: chozi huyu, chozi hili. Kanga huyu, kanga hii. Ndege huyu, ndege hii. Ukifungua mdomo tu, sarufi imekulazimisha uchague. Kwenye chapa hakuna huyu wala hili. Wote wawili wamekaa pale pamoja na mtazamaji hawezi kumfukuza mmoja. Ndiyo kazi ambayo Wachina wanaifanya na mei yao, na mimi nimezungukia Japani nzima kuitafuta ilhali iko uani.

Chapa hii ni ya mama. Sitaandika zaidi.

Mei 24

Sasa bundi. Nimeshindwa kumkwepa, na tangu lile la chozi sitaki tena kumkwepa.

Sitamchora wa hekima. Huyo ni wa Wagiriki, na wanafunzi wetu wanamjua kutoka kwenye vibandiko vya vitabu vya shule, mwenye miwani na kofia ya mahafali. Bibi ana jina jingine la bundi, la wazee: babewatoto. Hapendi kulitaja usiku. Nilipomuuliza kisa akasema, "Anaita. Akiita, anaita mtu."

Niliketi naye barazani, alikuwa anatunga asumini kwa ajili ya harusi ya jirani. Asumini hununuliwa sokoni Darajani mchana ikiwa bado vitumba, imefumba, haina harufu ya kusema. Unaitunga alasiri, sindano ikipita kwenye kikonyo na si kwenye ua. Bibi harusi anapovishwa usiku, ndipo inafunguka. Kitandani hutandazwa vivyo hivyo. Ziko na nyingine za kutia kwenye kikuba, kile kishada cha harufu: mkadi, rehani, kilua. Kilua ni fahari yetu ya siri. Wataalamu wa mimea waliipa jenasi nzima jina letu, Mkilua fragrans, Kiswahili kimevalishwa koti la Kilatini. Lakini ua lake halina umbo la kuchongeka, ni harufu tupu. Asumini ina umbo.

Nikaona: asumini inafumbua usiku, bundi anafumbua usiku. Mmoja tunamwalika mpaka kitandani, mwingine tunamrushia mawe. Nao wanaishi saa zilezile.

Bundi anatazama mbele, mweusi, amejaa karatasi. Shingoni ana koja la asumini. Kila petali ni mahali nilipoondoa lino. Bundi mwenyewe ni nilichokiacha.

Juni 3

Nimechapa zote 15 kwa mgongo wa mwiko, mashine ya kuchapia ya ndugu yangu mmoja imeharibika. Weusi mpana hivi ni adhabu: ukisugua kidogo unapata madoa ya kijivu kama upele, ukizidisha wino unajaza petali. Nakala moja dakika 40. Bega la kulia halinyanyuki mpaka sikioni.

Weusi umekaa. Nimeridhika nao kuliko kazi yoyote niliyoifanya mwaka huu, na najua nikisema hivyo kuna kitu kitatokea.

Juni 8

Kimetokea, na ni ujinga wangu.

Nilikuwa nalalamika kimoyomoyo kwamba asumini bila harufu ni nusu ya asumini. Nguvu ya ua hili iko puani, macho yanafuata baadaye. Basi nikaona nizilaze chapa nne za bundi ndani ya sanduku, nitandaze asumini mbichi juu ya karatasi nyembamba, nifunike, usiku mmoja. Kama tunavyofanya na nguo.

Nguo ni nguo. Asubuhi asumini zilikuwa zimesinyaa, rangi ya chai, na majimaji yake yamepenya. Kila chapa ina alama za hudhurungi, za mviringo, kama mtu kaweka vikombe. Harufu ipo, ndiyo. Harufu ya maua yaliyolala.

Nimebaki na 11. Nimechapa nne nyingine kwa bega hilohilo, kibao bado kipo, ni rangi moja tu. Nashukuru sikumfanya bundi kwa rangi mbili.

Juni 14

Zimekwenda hotelini, nane za kila picha, zimefungwa kwenye karatasi ya kaki na mbao mbili. Jamaa kafurahi. Kanga kaisoma, N hakuiona.

Juni 29

Simu asubuhi. Sauti si ile ya "dada".

Bundi walitundikwa vyumba nane, juu ya vitanda. Wiki ya kwanza, wahudumu wa usafi wakawa wanazikuta zimegeuzwa ukutani. Yaani ndivyo walivyosema, wanazikuta. Msimamizi akazigeuza, kesho yake zimerudi ukutani. Mmoja akaomba abadilishiwe upande wa vyumba. Kisha mtoto wa mpishi akaugua homa, na hapo mjadala ukafungwa. Mwenye hoteli mwenyewe, yule wa bundi wa shaba, hakuelewa kabisa. Aliuliza kama tatizo ni fremu.

Chapa nane zinarudi na pesa zake zimekatwa. Nimesema tulikubaliana, na aliyemtaka bundi si mimi. Akanijibu kwamba mimi ni mwenyeji, nilipaswa kumwambia. Hapo nilinyamaza, maana sikumwambia. Bibi aliniambia mimi siku ya kwanza, kwa maneno manne, nami nikaenda kununua wino.

Hata hivyo, niseme ukweli wa moyo wangu: niliposikia kwamba watu walishindwa kulala chumba kimoja na karatasi yangu, kuna sehemu yangu ilifurahi. Kunguru, kanga na chozi wametundikwa na hakuna aliyegeuza hata mmoja. Wanapendeza tu.

Julai 2

Kifurushi kimefika. Nikazitoa moja moja, nikazilaza kwenye mkeka sebuleni kuangalia kama zimekwaruzwa. Bibi akaingia kutoka kusali, akazikuta bundi wanane wamemkodolea macho.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba." Akawatazama. "Hao ndio waliofukuzwa?"

"Ndio."

Akaenda jikoni. Nikasikia makaa yanakorogwa. Akarudi na chetezo, udi kidogo na ubani mwingi, akaninyooshea kidole kwenye kapu kubwa la kuanikia nguo, nikalipindua juu ya chetezo. "Maua mabichi yana maji," akasema. "Moshi hauna maji. Ungeniuliza."

Tukaanza na chozi, kisha kanga, kisha kunguru, zile nilizobakiwa nazo, kila karatasi imelala juu ya kapu kwa hesabu ya pumzi kumi, nikiikamata pembe isidondoke. Sebule nzima ikawa nyumba ya harusi. Nilidhani bundi atamwacha. Alipofika kwao akaongeza ubani, akavuta kigoda akakaa.

"Huyu mlaze muda," akasema. "Huyu ndiye mwenye haja."

Hatukuhesabu pumzi. Nakala ya 3 kati ya 15 imepata kivuli cha moshi kwenye bawa la kushoto, rangi ya chai nyepesi sana, huioni mpaka uinamishe karatasi kwenye mwanga. Bibi ameichukua hiyo. Ameibandika chumbani kwake, nyuma ya mlango, ikiangalia nje.